KIBANDA CHA FUNDI: Kitufe cha picha kinabonyezeka ila seva haioni

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, afu karibu nusu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: vitufe vya picha kwenye fomu. Nikaona nizikusanye nizijibu kwa mpigo. Wenye maswali ya hosting na imeli mnivumilie, zamu yenu inakuja. Na nikisema kodi humu ndani namaanisha ile unayoandika kwenye kompyuta, siyo ile ya TRA.

Kutoka Morogoro

*Shikamoo fundi. Natengeneza tovuti ya steshenari ya shangazi yangu, wateja wanaagiza daftari na kalamu kwenye fomu ya PHP. Mwanzo nilikuwa na kitufe cha kawaida cha submit, kilipiga kazi vizuri tu. Juzi jamaa wa dizaini akaniletea kitufe kizuri cha picha, nikabadilisha type ikawa image, jina nikaacha lile lile. Tangu hapo mtu akibonyeza ukurasa unajirudia, fomu tupu, oda haiingii na wala eraa hamna. Siku mbili sijalala. Kodi hii hapa:*

```
<input type="image" name="tuma" src="picha/tuma.png">

if (isset($_POST['tuma'])) {
    // hifadhi oda
}
```

*Nimekosea wapi?*

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa kukesha, wengi tumekesha hapo hapo.

Kitufe cha kawaida ukikibonyeza kinaipa seva jina lake na neno lililoandikwa juu yake, kimemaliza. Cha picha hakina habari na hayo, chenyewe kinaripoti umekigusa wapi. Yaani kinatuma namba mbili, ya kwanza ni pikseli ngapi kutoka ukingo wa kushoto wa picha, ya pili ni ngapi kutoka juu. Sasa wewe unaisubiri `tuma` mlangoni na `tuma` haiji kabisa, wamekuja watoto wake wawili. Ili usiniamini mimi, weka mstari huu juu kabisa ya faili lako afu jaza fomu ubonyeze:

```
print_r($_POST);
```

Utaona kitu kama hiki:

```
Array
(
    [bidhaa] => kaunta buku
    [idadi] => 3
    [tuma_x] => 47
    [tuma_y] => 12
)
```

Hapo mteja kabonyeza pikseli 47 kutoka kushoto na 12 kutoka juu. Kwa hiyo isset yako iulize hivi:

```
if (isset($_POST['tuma_x'])) {
    // hifadhi oda
}
```

Ukifungua kile brauza ilichotuma chenyewe, utakuta imeandika `tuma.x` na `tuma.y`, kwa nukta. PHP ndiyo inayogeuza nukta kuwa kistari cha chini. Sababu yake ni ya zamani, enzi zile kila kilichojazwa kwenye fomu kilikuwa kinageuka variabo yenyewe moja kwa moja, na jina la variabo kwenye PHP haliruhusiwi kuwa na nukta kwa vile nukta kazi yake ni kuunganisha maneno, so wakaona waibadilishe. Ule mtindo wa variabo kujitokeza zenyewe ulizimwa kwenye toleo 4.2.0 mwaka 2002, ukaja kung'olewa kabisa toleo 5.4 mwaka 2012, ila hii ya kugeuza nukta imebaki mpaka PHP 8. Ndo maana ukikuta somo la kale limeandika `$tuma_x` peke yake bila `$_POST`, usilinakili, lilikuwa sahihi siku zake.

Sasa kuna mtego mwingine na huu ulinila mimi mwenyewe. Usiandike `if ($_POST['tuma_x'])` bila isset, wala usitumie `empty`. Niliwahi kumtengenezea mfanyabiashara mmoja mfumo mdogo wa kuingiza risiti, mhasibu wake akawa analalamika risiti hazihifadhiki, mimi nikienda nikibonyeza inakubali, nikirudi nyumbani simu inaita tena. Nimepanda daladala mara tatu kwa jambo hilo hilo. Mara ya tatu nikavuta kiti nikakaa nyuma yake nikamwambia dada fanya kazi kama kawaida yako usinijali, kumbe bwana yule dada kipanya hagusi, anaandika kiasi, anagonga Enter, anaandika kingine, anagonga Enter, vidole vinakwenda kama cherehani. Na mtu akigonga Enter badala ya kubonyeza hakuna mahali palipoguswa, kwa hiyo brauza inatuma sifuri na sifuri. Namba imefika vizuri tu, `tuma_x` ipo, lakini thamani yake ni "0" na PHP ikiulizwa "0" ni ndiyo au hapana inajibu hapana. Risiti za watu zilikuwa zinatupwa na alama moja ya sifuri. Isset haijali thamani, inauliza tu kitu kipo au hakipo, na hicho ndicho unachotaka kujua.

Lakini nikuulize, fomu yako si ina kitufe kimoja tu? Basi unamhoji kitufe wa nini? Uliza kama fomu imetumwa:

```
if ($_SERVER['REQUEST_METHOD'] === 'POST') {
    // hifadhi oda
}
```

Ukiandika hivi jamaa wa dizaini alete picha, aiondoe, abadilishe jina, wewe hata hushtuki. Kuuliza kitufe gani kimebonyezwa kuna maana pale vinapokuwa viwili na kuendelea.

Kuna mtu anasoma hapa anasema mbona mimi niliweka value kwenye kitufe cha picha na ikafika? Inawezekana, zamani Firefox ilikuwa inaituma na Internet Explorer haitumi, tukawa tunapigana vikumbo, kwangu inakubali, kwa mteja inakataa. Kiwango cha saivi kimemaliza ubishi: kitufe cha picha kinatuma namba mbili tu, na value hutakiwi hata kuiandika. Na ukisahau kukipa jina kabisa, namba zinakuja kama `x` na `y` kavu kavu, bila ya mwenyewe.

Kutoka Nakuru, Kenya

*Mambo fundi. Niko na kazi ya duka la vifaa vya ujenzi, ukurasa unaonyesha stoku yote kwenye jedwali, kila mstari uko na kisanduku cha idadi na picha ya pipa la taka ya kufuta. Yote iko ndani ya fomu moja. Vitufe vyote nimeviita futa, sasa naona futa_x imefika lakini sijui ni ya bidhaa gani. Pia kuna maajabu mengine, bosi anasema misumari inapotea yenyewe. Anaapa hajaifuta.*

Poa kabisa kaka. Nianze na hayo maajabu maana ndiyo yatakayokufukuzisha kazi.

Hebu nibashiri. Misumari ndiyo bidhaa ya kwanza kwenye jedwali, si ndiyo? Na bosi wako anabadilisha idadi ya saruji huko chini afu anagonga Enter? Sasa sikia, mtu akigonga Enter ndani ya kisanduku cha maandishi, brauza inatafuta kitufe cha kwanza cha kutuma kilichomo ndani ya fomu ile, wa kwanza kwa mpangilio wa kodi na siyo aliye karibu, inakibonyeza kwa niaba yake. Kitufe cha picha nacho ni kitufe cha kutuma kama wengine. Cha kwanza kwako ni pipa la taka la misumari. Bosi kaongeza mifuko ya saruji, misumari imekwenda. Hajadanganya.

Dawa ya haraka ni kutanguliza kitufe kisicho na madhara, cha Hifadhi, kiwe cha kwanza ndani ya fomu kabla ya jedwali. Enter ikigongwa inaangukia hapo. Dawa ya kudumu ni kutenganisha, kufuta kuwe na fomu yake na kubadilisha idadi kuwe na yake. Na kwa vyovyote vile kitu kinachofuta kisifute papo hapo, kipeleke kwanza kwenye ukurasa wa "una uhakika?" Bosi atanung'unika siku mbili, ya tatu kazoea.

Tuje kwenye kujua bidhaa ipi. Njia moja ya wazee ni kuweka namba ya bidhaa ndani ya jina la kitufe kwa mabano ya mraba:

```
<input type="image" name="futa[12]" src="picha/pipa.png" alt="Futa">
```

Brauza itatuma `futa[12].x` na `futa[12].y`. PHP ikisoma inaona mabano, inatengeneza safu, na ikishafunga bano kile kinachofuata, ile `.x` na `.y`, inakitupa. Matokeo yake namba zote mbili zinaingia kwenye chumba kimoja, y inamkalia x, unabaki na `$_POST['futa']` yenye ufunguo 12 na thamani ambayo haikuhusu. Wewe chukua ufunguo:

```
if (isset($_POST['futa']) && is_array($_POST['futa'])) {
    $id = (int) key($_POST['futa']);
    $q = $db->prepare('DELETE FROM bidhaa WHERE id = ?');
    $q->execute([$id]);
}
```

Ile is_array usiiruke, mtu mkorofi anaweza kutuma futa kama neno tu na key kwenye PHP 8 ikakulipukia. Na `(int)` pamoja na alama ya kuuliza ndani ya SQL ni kwa sababu hicho kilichokuja kimetoka nje, hata kama kitufe umekichora wewe, mtu yeyote anaweza kutuma fomu yake mwenyewe kwenye anwani ile ile bila kuuona ukurasa wako.

Mimi lakini ningekuwa wewe nisingetumia type image kabisa kwa kazi hii. Ningeandika:

```
<button type="submit" name="futa" value="12">
  <img src="picha/pipa.png" alt="Futa misumari ya inchi 4">
</button>
```

Picha unayo, jina unalo, na thamani unaichagua wewe, `$_POST['futa']` inakuja ikiwa 12 safi, hakuna x hakuna y. Zamani tuliikwepa kwa sababu Internet Explorer 6 na 7 zilikuwa na visa, badala ya value zinakutumia kilichomo ndani ya kitufe, na 6 ilikuwa inatuma vitufe vyote hata ambavyo hakuna aliyevigusa, hebu fikiria pipa zote za jedwali kwa pamoja. Microsoft wenyewe waliistaafisha IE 11 mwezi Juni 2022 kwa hiyo kisingizio hicho kimekufa.

Kutoka Unguja

*Assalaam alaykum fundi. Nna picha ya ramani ya Unguja kwenye tovuti ya wageni, nataka mtu akibonyeza Nungwi apelekwe kwenye hoteli za Nungwi, akibonyeza Paje apelekwe za Paje. Nimetumia kitufe cha picha nasoma x na y kwenye PHP, kwenye kompyuta yangu inakwenda sawa sawa. Kwenye simu mtu anabonyeza Paje anaambiwa hapo ni baharini.*

Waalaykum salaam. Wewe ndo umekitumia kitufe hiki kwa kazi yake halisi. Zile namba mbili hazikuwekwa kututesa sisi wa oda na risiti, ziliwekwa ili mtu abonyeze ndani ya picha na seva ijue kabonyeza sehemu gani. Type image imo tangu HTML 2.0, ule waraka wa viwango uitwao RFC 1866 wa Novemba 1995, siku hizo kompyuta ndiyo yenye intaneti na picha ina saizi moja tu.

Tatizo lako ndo hilo la saizi. Namba zinahesabiwa kwa picha jinsi inavyoonekana kwenye skrini ya mtu, siyo picha jinsi ilivyo kwenye faili. Tuseme kwenye kompyuta ramani ina upana wa pikseli 400 na Paje ipo kwenye 300. Simu ikaibana ramani hiyo hiyo mpaka 200, Paje sasa ipo 150, lakini PHP yako bado inaamini 150 ni kwa ile ramani ya 400, ambako ni sehemu nyingine kabisa. Na seva haiambiwi picha ilionekana kwa upana gani, hiyo taarifa haipo ndani ya fomu.

Unaweza kuibeba mwenyewe, unaweka uga uliofichwa, JavaScript inaujaza upana wa picha kwa wakati huo, PHP inagawanya x kwa upana inapata asilimia, na maeneo yako yote unayaandika kwa asilimia. 300 kwa 400 na 150 kwa 200 zote zinakuja 75. Inafanya kazi. Lakini bado hujamtatua mtu anayetumia kibodi, yeye akigonga Enter anatuma 0 na 0, kona ya juu kushoto, na kwenye ramani ya Unguja kona ile ni maji matupu, kila siku utamtosa baharini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuacha seva ipumzike. Chora ramani kwa SVG, yaani picha inayochorwa kwa kodi, kila eneo liwe linki yake, Nungwi linki, Paje linki, Kizimkazi linki, SVG inakua na kupungua na linki zinakwenda nayo. Na chini ya ramani weka orodha ya majina kwa maandishi ya kawaida. Utashangaa ni wageni wangapi wataitumia orodha, ramani wakaiangalia tu.

Mwanafunzi, Dar es Salaam

*Fundi wewe kila siku PHP, PHP. Sisi chuoni tunafundishwa Java na Django, huko je?*

Huko nukta inabaki nukta, hamna wa kuigeuza. Java unaandika `request.getParameter("tuma.x")`, ukipata null ujue hakikubonyezwa. Django ni `if 'tuma.x' in request.POST`. Node ukiwa na Express ni `req.body['tuma.x']`, ukiandika `req.body.tuma.x` inakufa hapo hapo maana hakuna kitu kinachoitwa tuma. Mambo ya Enter na sifuri ni yale yale, hayo yanatoka kwa brauza. Na PHP ndiyo inayonilisha mdogo wangu, niache.

Kutoka Mbeya

*Fundi, wateja wangu wanabonyeza kitufe cha picha mara mbili mbili mtandao ukiwa mzito, oda zinaingia mara mbili. Nikaweka JavaScript, fomu ikianza kutumwa kitufe kinazimwa kwa disabled. Sasa oda haziingii kabisa! Print_r inaonesha vitu vyote vimefika isipokuwa tuma_x na tuma_y.*

Umekizima mapema. Brauza inapofunga mzigo wa kupeleka inaruka kila kitu kilichozimwa, na wewe umemzima mjumbe kabla hajataja jina lake. Maandishi mengine yamefika kwa vile hayo hukuyazima. Hapa nakurudisha kwa yule wa Morogoro: kama fomu ina kitufe kimoja achana na tuma_x, angalia REQUEST_METHOD, afu kitufe kizime unavyotaka.

Ila hiyo ya kuzima ni pazia tu, siyo mlango. Mlango uweke kwenye seva. Ukionesha fomu, tengeneza tokeni, yaani neno la kubahatisha la kutumika mara moja, iweke kwenye sesheni (kumbukumbu ya mteja huyo kwenye seva) na ndani ya uga uliofichwa:

```
$_SESSION['tokeni'] = bin2hex(random_bytes(16));
```

Fomu ikija, linganisha, ikikubali ifute hapo hapo kabla hata ya kuhifadhi oda:

```
if (isset($_POST['tokeni'], $_SESSION['tokeni'])
    && hash_equals($_SESSION['tokeni'], $_POST['tokeni'])) {
    unset($_SESSION['tokeni']);
    // hifadhi oda
}
header('Location: asante.php', true, 303);
exit;
```

Ombi la pili likifika tokeni haipo, linapita bila kuhifadhi chochote, mteja anaona asante yake na oda ni moja. Sesheni za PHP zile za kawaida za faili zinafungwa na ombi moja kwa wakati, kwa hiyo hata maombi mawili yakifika yakigusana visigino la pili linasubiri foleni. Na ile 303 mwishoni, inayompeleka mteja kwenye ukurasa wa asante, inazuia ugonjwa mwingine, mtu aki-refresh ukurasa asitume oda upya. Tokeni hiyo hiyo inakukinga pia na tovuti ya mtu mwingine inayojaribu kutuma fomu kwa jina la mteja wako, umeua ndege wawili.

Nyongeza kwa wanaotuma fomu kwa JavaScript. Ukiita `form.submit()` au ukitengeneza `new FormData(form)`, kitufe hakihesabiki kabisa, namba hazitakuja hata usubiri mpaka kesho. Tumia `form.requestSubmit(kitufe)` inayobonyeza kama mtu. Afu kuna kioja kimoja cha kihistoria, `form.elements` inaorodhesha kila kitu kwenye fomu isipokuwa vitufe vya picha. Mimi nilikitafuta kitufe changu humo jioni nzima, nikadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kipe id, kiite kwa id.

Mwalimu, Bukoba

*Fundi habari za kazi. Tuna fomu ya kusajili wanafunzi, kitufe ni picha. Mtandao ukisumbua picha haitokei, wazazi wanabaki wanatafuta pa kubonyeza. Pia tuna mwalimu mwenzetu asiyeona, programu yake ya kusoma skrini inasoma "btn underscore final mbili nukta png". Tunacheka lakini si jambo la kuchekesha.*

Nzuri mwalimu, na kweli si la kuchekesha, mwenzenu anasomewa jina la faili kwa sababu hakuna kingine cha kumsomea. Mmesahau alt, maandishi yanayosimama badala ya picha. Kwenye picha ya mapambo alt inaachwa tupu, kwenye kitufe ni lazima iwe na maneno, ndiyo jina la kitufe. Picha isipotokea brauza inaandika neno la alt mahali pake na mzazi anabonyeza hilo neno, na mwalimu mwenzenu anasikia hilo hilo. Liandikwe kwa kazi kinachofanya, "Sajili mwanafunzi", msiandike "picha ya kitufe cha kijani".

Lakini angalieni picha yenyewe mwalimu. Ile mliyoniambatanishia ni boksi la kijani lenye pembe za mviringo limeandikwa Sajili kwa rangi nyeupe. Hiyo haihitaji picha, mzazi anatumia bundle yake kupakua kitu ambacho CSS inachora bure:

```
<button type="submit" name="sajili" value="1" class="kijani">Sajili</button>

.kijani {
  background: #1b7a3d;
  color: #fff;
  border: 0;
  border-radius: 8px;
  padding: 12px 28px;
  font-size: 18px;
  cursor: pointer;
}
```

Kwenye PHP ni `isset($_POST['sajili'])`, basi, kama zamani. Badilisheni hilo kwanza, mkikwama niandikieni tena ila safari hii mniwekee na faili la PHP, barua ya kwanza ilikuja na picha tu.